Sahihi ya Sajenti Odur

Mbuya, Kampala
12 Januari 2025

Kwa dada yangu mdogo Joska,

Nakusalimu kwa nguvu zote. Mimi mzima. Meno manane yamebaki na yote yanafanya kazi. Binti yangu Olivia amejifungua mtoto wa tatu, mvulana, analia kama king'ora cha kambi. Nilimwambia huyu ni damu yangu, sauti hii haikutoka kwa baba yake. Ninyi huko Kericho mna hali gani? Masikio yako je? Barua hii nampa kondakta wa basi la Nairobi, yule mwenye pengo, ataiacha pale ofisini kwao kama mwaka jana. Simu na wewe hampatani, nami sitaki kupiga kelele hadi majirani wote wa Mbuya wajue habari zetu.

Sasa jambo lenyewe. Kaa kwanza.

Nimekuwa Mwenyekiti. Si wa kanisa, si wa mazishi. Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Walinzi, kampuni nzima, walinzi mia mbili na arobaini. Meneja wetu Dawudi aliniita ofisini, akanipa soda ya baridi, akasema, "Mzee, hapa mwenye kichwa ni wewe peke yako." Nikamwambia, "Najua." Walinzi wa geti la makao makuu, ambao mimi ndiye kamanda wao, wana umri wa kuwa watoto wangu, na ukiwaambia wasimame wima wanasimama kama nguo kwenye kamba.

Dawudi alihitaji mtu kama mimi kwa sababu kuna fujo imeingia. Binti mmoja, Atim jina lake, wa chama cha wafanyakazi, anakuja getini na fomu anawashawishi vijana. Juzi alinifuata mimi mwenyewe.

"Mzee, mnafanya saa ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili."

"Na saa za ziada mnalipwa?"

"Binti, mimi nililala kwenye handaki kabla mama yako hajajua kutembea. Unaniuliza habari ya saa?"

"Kwa hiyo hamlipwi," akasema, akaandika.

Adabu hana. Jeshini mtu akiwa na shida anakwenda peke yake kwa mkubwa wake, anapiga saluti, anasema. Wakienda kumi pamoja, huo ni uasi, na mimi nimeona waasi walipoishia.

Siku niliyopewa uenyekiti, makoti ya mvua yakafika, mapya, na buti. Dawudi akaleta karatasi, kurasa tatu. Nikatia sahihi zote tatu. Unajua nilikaa stoo ya jeshi miaka kumi na tisa, natia sahihi ya mablanketi, masufuria, risasi. Halikupotea hata blanketi moja chini ya sahihi yangu. Sasa uwaambie watu wa huko kaka yako ni nani.

Mimi, Sajenti mstaafu Odur, Mwenyekiti


Kericho
2 Februari 2025

Kaka Odur,

Salamu nyingi. Barua ilikaa siku sita ofisini kwa basi, kwa kuwa kondakta wako aliwaambia mpokeaji ni bibi mwenye hasira, wakaogopa kuniita. Mtoto wa Olivia mbusu kwa niaba yangu. Hapa mvua hakuna, chai imekauka mikononi mwa watu. Mkwe wangu Chelagat bado anafundisha pale shule ya msingi. Masikio yangu usiyaulize, yamebaki ya kuning'inizia hereni.

Hongera ya uenyekiti. Ila nimehesabu, Sajenti. Walinzi ni mia mbili na arobaini, na aliyekupigia kura ni mmoja, naye ndiye anayewalipa wote. Uchaguzi wa namna hiyo hata mimi ningeshinda, tena kiziwi.

Na yule binti Atim alikuuliza swali zuri. Wewe ulimjibu habari za handaki.

Lakini si hilo linalonikosesha raha. Ni zile kurasa tatu. Mimi pia nilifanya stoo ya kiwanda mwaka mzima, kabla hawajanipeleka kwenye mashine. Karatasi ya makoti ni nusu ukurasa: ni mangapi, tarehe gani, nani kapokea. Basi. Kurasa nyingine zote zinasema nini? Ulizisoma? Nijibu hilo tu. Habari nyingine za ushujaa nitazisoma baadaye.

Nakutumia kilo mbili za majani ya chai. Usiyauze.

Dada yako, Joska


Mbuya
23 Februari 2025

Joska,

Salamu. Sote wazima. Chai imefika, kilo moja na nusu, kondakta nitamshughulikia mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Mimi ni kaka yako mkubwa hata ukinishinda kwa maneno. Nilikubeba mgongoni katika kambi ya polisi ya baba yetu, ukanikojolea, sikukuuliza swali. Leo unaniuliza kama nilisoma! Kurasa zile zinasema mambo ya makoti, na mambo mengine ya ustawi, ya kawaida. Ni Kiingereza cha ofisi. Kiswahili mimi nasoma na kuandika kuliko sajenti yeyote wa kikosi chetu, na wewe shahidi, unakisoma sasa hivi.

Ili unyamaze, nimenakili ukurasa wa pili wote wa ile nakala niliyoachiwa, herufi kwa herufi, jioni nne, hata mpira wa redio ukanipita. Umo ndani ya bahasha hii. Mpe yeyote umtakaye akusomee, kisha uniandikie kuniomba radhi.

Huku kuna ajali. Kijana wangu Ocira, niliyemfundisha kazi mwenyewe, analinda ghala moja Kawempe. Lile geti la kusukuma lilitoka kwenye reli yake likamwangukia mguu. Chuma kitupu. Waliliinua watu saba. Hospitali wamemfunga plasta, wanasema mfupa unataka kupasuliwa na kuwekewa vyuma. Nilikwenda kwa Dawudi peke yangu, kwa utaratibu, nikapiga saluti, nikasema kampuni imtibu. Akasema, "Mzee, kampuni ilimtibu siku ya kwanza, kama tulivyokubaliana."

Tulikubaliana lini? Nilitoka pale damu inachemka. Lakini nitarudi. Mwenyekiti hasemi mara moja.

Mimi, Sajenti mstaafu Odur


Kericho
16 Machi 2025

Kaka,

Pole kwa Ocira, na mkewe umpe pole. Sisi hapa tupo. Mvua ya kwanza ilinyesha jana.

Nilimpa Chelagat nakala yako. Kwanza alisifu mwandiko, akasema hata nukta hukuruka. Kisha akasoma kimya, kisha akaniandikia kwa Kiswahili kwenye daftari, akaliacha mezani akatoka kwenda kulisha kuku, na kuku walikuwa wameshakula. Aliona haya kwa ajili yako.

Nakuandikia kama alivyoandika. Kwamba walinzi wamekubali saa kumi na mbili kuwa zamu moja, na hawatadai saa za ziada. Kwamba mlinzi akiumia kazini, kampuni itamtibu siku ya kwanza, na siku zinazofuata atajitibu mwenyewe. Kwamba kwa miaka mitatu kamati yako ndiyo sauti ya walinzi, na kampuni haitakaa meza moja na chama chochote. Na chini, juu ya mstari ulipochora sahihi yako vizuri kabisa: "Nimesoma, nimeelewa, nimekubali kwa niaba ya walinzi wote."

Hayo ndiyo makoti yako.

Odur, sikutukani. Umetukanwa tayari na Dawudi, aliyejua wazi kwamba hutasoma na hutauliza. Lakini mbona umepeleka karatasi ivuke mpaka hadi Kericho ili isomwe, wakati Kampala imejaa watu wanaojua Kiingereza? Najua kwa nini. Sitaandika.

Mguu wa kijana uko kwenye mstari ule wa pili. Nenda kwa Atim leo. Mwambie maneno matatu tu: sikujua imeandikwa nini. Mengine ataweza yeye.

Joska


Mbuya
29 Aprili 2025

Kwa Joska,

Salamu baada ya kimya. Nilikuwa na kazi nyingi. Mtoto wa Olivia ana meno mawili. Mimi mgongo kidogo.

Huyo mkwe wako kama amesoma sawa, basi Dawudi ni mwizi, na nataka nyumba nzima ya Kericho ijue Odur hakuibiwa kwa ujinga, aliibiwa kwa heshima. Mtu anakupa soda, anakuita Mzee, anakuletea makoti kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto anakuwekea mtego! Vitani hata adui hakufanya hivyo. Adui alikuja mbele akapiga.

Nilikwenda kwake. Nikagonga meza, kikombe kikaruka. Nikasema, "Toa ile karatasi, ichane mbele yangu." Akacheka. Akasema ni lugha ya wanasheria tu, nisiumize kichwa. Kisha akaniambia neno lingine, ambalo siliandiki hapa.

Atim mwenyewe amepata karatasi hiyo, sijui kwa njia gani, ameipeleka kwa afisa wa kazi wa serikali. Afisa akasema haiwezi kufutwa hivi hivi, mpaka mwenye sahihi afike mwenyewe aeleze aliitia vipi. Nikaletewa wito wenye jina langu kamili, tarehe 15 Aprili, saa tatu asubuhi.

Lakini siku hiyo haikufaa kitu. Afisa aliugua malaria, ofisi ilifungwa. Serikali ndivyo ilivyo, wewe unajiandaa, wao wanaugua. Tumepewa tarehe 19 Juni. Ocira anangoja kwake Kawempe. Mguu umevimba kidogo, lakini ni kijana, ana damu nzuri.

Nasema kampuni hii nitaionyesha.

Mimi, Odur


Kericho
18 Mei 2025

Kaka,

Salamu, na meno mawili ya mtoto nimeyafurahia kuliko barua yote.

Ofisi ya serikali yenye watu wengi inafungwa kwa malaria ya mtu mmoja? Hakuna msaidizi? Hakuna karani? Na tarehe mpya miezi miwili mbele? Sikusema kitu. Nauliza tu, na uliyeulizwa unajua jibu.

Ngoja nikwambie jambo ambalo sijakuandikia tangu mwaka ule. Unakumbuka nilipowekwa chumba cha mashine za kusaga majani? Mlio ule unaingia mpaka kwenye meno. Niliomba vya kuziba masikio. Niliomba peke yangu, kwa adabu yako ya jeshini, miaka tisa. Msimamizi mmoja akaniambia niweke pamba. Nilikuandikia wewe pia. Ulinijibu nini? "Vumilia, askari hanung'uniki." Mimi sikuwa askari, Odur, nilikuwa mwanamke wa kiwandani, na kila mwaka nilikuwa nasikia kidogo kuliko mwaka uliopita.

Halafu kukaja chama. Wanawake sitini na wanaume wa mashine tukakaa chini mlangoni siku tatu. Mwezi haujaisha, kila mtu akapewa vizibo, na daktari akaja kutupima. Wewe ukaniandikia kwamba nimekuwa mwasi na nimemwaibisha baba kaburini. Barua hiyo nimeitunza.

Vizibo nilivivaa hadi siku ya kustaafu. Wasichana walionifuata wanasikia mpaka leo. Mimi daktari aliniambia, "Mama, ungeletewa vizibo miaka mitano mapema, ungesikia." Basi. Miaka mitano.

Mguu una muda wake kama sikio. Tarehe 19 nenda. Ukiugua, nenda hivyo hivyo.

Joska


Mbuya
30 Juni 2025

Dada yangu Joska,

Nakusalimu. Olivia na watoto wazima. Mimi niko nyumbani, si kazini, nitaeleza.

Nilikwenda. Nilipanda boda asubuhi, nimevaa sare. Ndani walikuwa Dawudi na wakili wake mwenye tai ya bluu, Atim na makaratasi yake, na madirishani walinzi kama ishirini waliotoka zamu, hawakulala, walikuja kuona. Afisa ni mwanamke, umri wa Olivia.

Akanionyesha. "Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kuitia?"

Dawudi akanitazama, akatabasamu. Sasa nikuandikie lile neno alilonambia siku ile nilipogonga meza. Alisema, "Nenda kawaambie basi. Kawaambie vijana wako kwamba kamanda wao hajui kusoma." Ndilo hilo.

Nikatazama tai ya wakili. Yule afisa hakunihurumia. Akasukuma karatasi mbele yangu. "Tusomee mstari wa kwanza."

Nikasimama. Joska, kusimama mbele ya majenerali kulikuwa rahisi kuliko pale. Nikasema, "Siwezi. Kiingereza hiki sikijui. Nilidhani napokea makoti."

Dirishani mtu akacheka. Atim akageuka tu, na aliyecheka akameza kicheko chake.

Wakili akadakia. "Mzee, wewe umekuwa kamanda miaka kumi na moja, unaandika kitabu cha zamu kila siku, leo hujui kusoma?"

"Naandika Kiswahili," nikamwambia. "Lete ya Kiswahili, nitakusomea mpaka tai yako ichakae. Na ungeileta ya Kiswahili mwezi wa kwanza, bosi wako angepata kofi mahali pa sahihi."

Hapo walicheka wote, na si mimi waliyemcheka.

Afisa akamuuliza Dawudi kamati ilipigiwa kura siku gani. Dawudi akaanza habari ya ustawi. Akaulizwa tena, kura siku gani. Haikupigwa hata moja. Basi akaandika kwamba karatasi haina nguvu, kampuni imtibu Ocira mpaka mwisho, na ikae na chama kuzungumza saa na malipo ya watu wake. Atim alinishika mkono. Ana mkono mgumu yule binti, nilidhani ni wa kalamu tu.

Kesho yake Dawudi akaninyang'anya filimbi na kofia. Eti nimezeeka. Miaka kumi na moja geti la makao makuu sijazeeka, nimezeeka kwa asubuhi moja! Na kiinua mgongo eti kampuni haina utaratibu huo. Nilitaka kwenda kumkamata shingo. Kumbe walinzi wa zamu ya asubuhi walikuwa wameshampigia Atim simu. Amenijazia fomu, kesi yangu ataipeleka pamoja na za wenzangu sita. Nilimwambia mimi huwa nakwenda peke yangu. Akasema, "Ndiyo, Mzee, tumeona." Nikatia sahihi. Kabla ya hapo alinisomea yote kwa Kiswahili, mara mbili, bila kuombwa.

Sasa la mwisho, na hili ndilo nililokaa nalo siku nane bila kuandika.

Jumapili nilikwenda Kawempe kumpa Ocira habari njema mwenyewe. Nilibeba sukari. Nilikuta plasta imetolewa. Mfupa umeoza ndani. Madaktari wamemwona kwa gharama ya kampuni, kama ilivyoamriwa, wakasema vyuma havisaidii tena, watakata chini ya goti. Daktari alisema mwezi wa nne ungefaa. Ocira alinieleza hayo akitazama ukuta.

Joska, tarehe 15 Aprili afisa hakuugua. Ofisi ilikuwa wazi. Mimi nilikuwa hapa chumbani. Nilivaa sare, nikapiga buti rangi, wito uko mfukoni, nikakaa kitandani. Saa tatu ikafika, ikapita. Atim alikuja kunitafuta, akagonga. Nilizima redio. Aliita "Mzee Odur" mara nne, nilihesabu. Nilikuwa nasikia lile neno la Dawudi kichwani, na nyuso za vijana wangu. Sikufungua.

Sasa mke wa Ocira, Aol, akaniuliza pale pale mbele ya mumewe: "Baba, ile siku ya kwanza ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilivyokwambia wewe. Nikasema afisa aliugua, ofisi ilifungwa.

Akainuka, akaenda jikoni. Ocira akaendelea kutazama ukuta.

Nilipokuwa natoka, jirani yao alinisindikiza mpaka barabarani, na ndiye aliyenambia. Siku hiyo Aol alikodi gari, akambeba Ocira na plasta yake mpaka ofisini kwa afisa. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, wakinisubiri, mpaka ofisi ilipofungwa jioni.

Alijua, Joska. Nilipokuwa namdanganya, alijua. Na baada ya hapo aliniletea maji ya kunawa, akaniwekea posho, ugali wetu wa huku, na maharage, akasema, "Karibu, Baba."

Nami nilikula.

Kaka yako,
Odur